Sura Tatu kwa Siku: Tahakiki ya Kusoma Biblia Nzima kwa Mwaka Mmoja

Utangulizi

Kila Januari, katika makanisa kadhaa ya hapa Gisenyi, watu hugawiwa karatasi ya ratiba: upande mmoja tarehe, upande wa pili sura za kusoma, na pembeni kisanduku cha kutia alama. Ukiifuata karatasi hiyo bila kukosa siku, tarehe 31 Desemba utakuwa umeimaliza Biblia yote. Mwaka jana nilichukua moja, na sababu yangu haikuwa uchaji peke yake. Mhadhiri mmoja alikuwa ameniambia kwamba Kiswahili changu ni cha sokoni, nami nikaona kwamba kitabu kirefu kuliko vyote tulivyonavyo nyumbani ndicho kitakachonifunza Kiswahili cha vitabuni. Nilisoma ile tafsiri iitwayo Union Version, ya mwaka 1952, ambayo iliunganisha kazi ya watafsiri wa Unguja na ya wale wa Mombasa.

Makala haya hayahakiki imani ya mtu. Yanahakiki namna ya kusoma. Hoja yangu ni kwamba ratiba ya mwaka inamnyang'anya msomaji haki mbili. Inamnyang'anya haki ya kuchagua, na kwa hilo inamfaa sana. Inamnyang'anya pia haki ya kusimama, na kwa hilo inamdhuru.

Hesabu ya ratiba

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189: 929 za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya. Ukizigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na kidogo kwa siku. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, kwa hiyo mzigo wao ni mkubwa zaidi. Hapa nitafuata hesabu ya vitabu 66 kwa kuwa ndiyo niliyoisoma.

Ratiba za aina hii si jambo jipya. Mojawapo ya zile mashuhuri iliandikwa mwishoni mwa mwaka 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti. Aliwapa waumini wake sura nne kwa siku, ili Agano la Kale lisomwe mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Jambo ambalo karatasi zetu hazilitaji ni kwamba M'Cheyne mwenyewe aliitanguliza ratiba yake kwa onyo. Alitaja hatari zake: kusoma kwa mazoea tu, kujiona mwema kwa kuwa umetimiza idadi, kusoma bila kufikiri, na kugeuza usomaji kuwa nira nzito. Alifariki Machi 1843 akiwa na miaka 29, kabla mwaka wa kwanza wa ratiba yake haujaisha. Sisi tumerithi jedwali, onyo tumeliacha.

Kasoro ya kwanza ya jedwali ni kipimo chake. Sura hazikuwekwa na waandishi wa vitabu hivi. Mgawanyo tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, katika karne ya 13. Zaburi ya 117 ina mistari miwili, ya 119 ina mistari 176, na kwa ratiba kila moja ni sura moja. Wenzetu Waislamu wanaohitimisha Kurani katika mwezi wa Ramadhani wana juzuu 30 zinazokaribiana kwa urefu, hivyo anayesoma juzuu moja kila siku anaujua mzigo wake. Sisi tunapima kwa chombo ambacho leo ni kikombe na kesho ni debe.

Shibolethi mpakani

Pamoja na kasoro hiyo, ratiba ina sifa moja ambayo mahubiri hayana: haichagui. Ibada lazima ichague. Nimesikia habari za Daudi na Goliathi tangu nikiwa mtoto, mara zisizo na idadi. Waamuzi sura ya 12 sijawahi kuisikia ikihubiriwa hata mara moja. Mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Jumapili wa Kanisa Katoliki nao hauna nafasi ya kisa hicho. Mimi nilikutana nacho mwezi wa tatu kwa sababu karatasi iliniamuru.

Kisa chenyewe ni kifupi. Yeftha na watu wa Gileadi wamewashinda watu wa Efraimu. Walioshindwa wanakimbilia kwao, lakini lazima wavuke Yordani, na vivuko vimeshikwa. Kila anayetaka kuvuka anaamriwa atamke neno moja, shibolethi. Waefraimu hawaiwezi ile sh. Wanasema sibolethi, na kwa sauti hiyo moja wanauawa. Idadi inayotajwa ni watu 42,000. Sura nzima ina mistari 15, na kabla haijaisha masimulizi yameshahamia kwa mwamuzi mwingine ambaye wanawe na wajukuu wake walipanda punda 70.

Mtu wa Gisenyi haisomi sura hii kama mtu wa mahali pengine. Mji wetu umepakana na Goma. Watu huvuka Petite Barrière kwa miguu, nyanya na vitunguu vikiwa kichwani. Pale lugha ya biashara ni moja, Kiswahili, lakini kila mtu hutambulika kwa kinywa chake. Wa Goma husema batu, mutu, kuya. Sisi tulioanza na Kinyarwanda tunachanganya l na r, tukitaka kusema kulala tunasema kurara. Shangazi yangu anauza mboga ng'ambo, na ninapomsindikiza huninong'oneza: "Wewe nyamaza, acha niongee mimi." Siku za amani huo ni utani wa kifamilia. Siku za vurugu si utani.

Sura hiyo ina jambo zito zaidi kwa msomaji wa Rwanda. Gileadi na Efraimu walitofautiana kwa sauti moja. Sisi hatukuwa na hata hiyo moja. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari yaliyofanywa dhidi ya Watutsi, waliosimamishwa vizuizini walizungumza lugha moja na waliowasimamisha, kwa matamshi yale yale. Kwa hiyo hawakupimwa kwa neno. Waliulizwa kitambulisho, ambacho kilikuwa kimeandikwa kabila.

Ningependa kusema kwamba niliyawaza haya siku ile niliposoma. Sikuyawaza. Nilikuwa nimechelewa siku mbili, nikasoma sura tisa mfululizo kwa tochi ya simu, nikatia alama tatu, nikalala. Ratiba ilinifikisha mahali ambapo mahubiri hayakuwahi kunifikisha, kisha ikanipitisha hapo mbio. Watu 42,000 walichukua nafasi ya nusu kisanduku.

Orodha za Aprili

Anayeanza Mwanzo tarehe 1 Januari na kusoma kwa mfululizo hufika vitabu vya Wafalme mwanzoni mwa Aprili. Hapa kwetu ni kipindi cha Kwibuka: tarehe 7 ndipo inapoanza wiki ya maombolezo. Katika vitabu hivyo kuna jambo ambalo Mnyarwanda huliona upesi. Karibu kila mfalme wa Yuda anapotajwa, hutajwa na jina la mama yake. Wasomaji wengi huliruka jina hilo. Lakini sisi tuna Ubucurabwenge, ile nasaba ya wafalme iliyohifadhiwa kwa kichwa na wataalamu wa ikulu, nayo humtaja mfalme pamoja na mama yake, umugabekazi, na ukoo alikotoka. Kwetu jina la mama linaeleza mfalme ametoka upande gani na amesimama juu ya mabega ya nani. Wahakiki wa nadharia ya upokezi, akina Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, wanasema kwamba matini hukamilishwa na msomaji na matarajio aliyokuja nayo. Huu ni mfano wa karibu kuliko wowote ninaoweza kuutoa.

Katikati ya Aprili huja Mambo ya Nyakati wa Kwanza, ambacho sura zake tisa za mwanzo ni majina, karibu siku tatu za ratiba. Rafiki zangu walioacha kusoma wengi waliacha katika Mambo ya Walawi, mwishoni mwa Januari. Waliovuka hapo walizama hapa.

Nami ningezama, kama si jioni moja ya wiki ile ya maombolezo. Nilikuwa nimekaa na mama yangu majina yakisomwa. Yalikuwa mengi, na msomaji hakufanya haraka. Mama alisikiliza kwa muda mrefu majina ya watu asiowajua, ili ayasikie matatu anayoyajua. Hakuna aliyesema turuke. Niliporudi kwenye Mambo ya Nyakati sikuweza tena kuziita sura zile sehemu kavu. Sura ya 9 inawataja waliorudi kukaa Yerusalemu baada ya uhamisho wa Babeli. Aliyeiandika aliwaandikia watu waliosalia, na kwa waliosalia orodha ya majina haichoshi.

Malipo ya subira hii huja Oktoba, ratiba inapofungua Mathayo, kitabu kinachoanza kwa nasaba nyingine. Ndani yake, kabla ya Mariamu, wamo wanawake wanne: Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule anayetajwa tu kama mke wa Uria. Anayeanzia hapo husoma majina. Aliyetoka Mwanzo anajua kila mmoja alipitia nini: mjane aliyedhulumiwa na mkwewe, mwanamke wa Yeriko, Mmoabi mgeni, na mke ambaye mfalme alimwua mumewe. Ukurasa huo hauwezi kusomeka vizuri bila miezi tisa iliyoutangulia. Hii ndiyo faida ya kusoma kitabu kizima, na hakuna mkusanyiko wa mistari mizuri unaoweza kuitoa.

Lugha ya tafsiri

Je, Kiswahili changu kilikuwa? Kwa upande mmoja, ndiyo. Sura tatu kila siku zilinijaza kiambishi -ka- masikioni: akaondoka, akaenda, akamwambia. Nilikuwa nimefundishwa darasani kwamba -ka- huonyesha mfuatano wa matendo, lakini kanuni hiyo ilikuwa ya mtihani. Baada ya Samweli na Wafalme ilikuwa ya kinywani. Siku moja nilijikuta nikimsimulia shangazi habari za safari yangu ya Musanze kwa -ka- tupu, akaniuliza kama nimekuwa mchungaji.

Kwa upande mwingine, msamiati ulinipita. Union Version ina maneno kama marago, malimbuko na naivera, ambayo sokoni hayapo na darasani hayatajwi. Neno marago nililipita mara nyingi nikidhani ni jina la mahali, mpaka nilipofungua kamusi na kukuta kwamba ni kambi. Kosa hilo si la watafsiri, ni la mwendo. Anayefukuzana na tarehe hana nafasi ya kufungua kamusi. Bibi yangu, ambaye husoma Bibiliya Yera ya Kinyarwanda ukurasa mmoja au nusu kwa siku, hajawahi kuimaliza, lakini hakuna neno ndani ya kurasa alizosoma linalompita.

Hitimisho

Je, tuiache ratiba na kumfuata bibi? Sidhani. Bibi huchagua kurasa anazozipenda, na Waamuzi 12 si mojawapo, nilimwuliza. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na ni kweli kwamba bila kuchovya kila siku nisingelimaliza buyu hili. Tatizo ni kwamba si kila kilichomo ni asali, na kile ambacho si asali kinahitaji muda mdomoni.

Napendekeza hesabu nyingine. Tukisoma sura nne kwa siku badala ya tatu na kidogo, sura 1,189 zitaisha kwa siku 298. Zitabaki siku 67. Vitabu ni 66. Yaani baada ya kila kitabu msomaji anaweza kupewa siku moja tupu, isiyo na sura wala kisanduku, ya kurudi alikopita mbio, kufungua kamusi, kumwuliza mtu, au kunyamaza tu. Na siku moja inabaki ya akiba. Mwaka huu nimejichorea jedwali langu hivyo. Baada ya Waamuzi nilikuwa na siku yangu tupu, nikarudi sura ya 12, nikaisomea nyumbani kwa sauti. Shangazi alikuwa akifunga mboga za kesho. Nilipomaliza aliniomba nirudie ile sehemu ya vivukoni, kisha akauliza kama kuna yeyote aliyejifunza kusema ile sh kabla hajafika mtoni. Kitabu hakisemi.