Baraza na Ua katika Maghorofa ya Michenzani

Wako watu wasemao kwamba jengo halina haja ya kuhakikiwa kama lihakikiwavyo shairi, kwa hoja kuwa shairi ni kazi ya moyo na jengo ni kazi ya mwashi. Mimi siafikiani nao. Shairi baya msomaji hulifunga kitabuni akaenda zake, lakini katika nyumba mbaya mtu huzaliwa, huoa au huolewa, na hutolewa humo kupelekwa kaburini. Ikiwa kazi tuwezayo kuiacha yastahili kupimwa, ile tusiyoweza kuiacha yastahili zaidi. Kwa hiyo katika kurasa hizi nataka kuyahakiki maghorofa ya Michenzani, katika mji wa Unguja, na kipimo nitakachotumia nitakitoa katika lugha yetu wenyewe.

Maghorofa hayo yamekwisha kuhukumiwa mara nyingi, lakini kwa hukumu mbili tu, ambazo watu hupokezana pasipo kuzichungua. Hukumu ya kwanza ni ya wenye kuyadharau. Hawa husema kuwa ni masanduku ya saruji yaliyobuniwa Ulaya, yasiyofanana na kuta za mawe na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, na kwamba yameutia mji ila. Hukumu ya pili ni ya wenye kuyatukuza. Hawa husema kuwa ni alama ya mnyonge kukombolewa, na kwamba mwenye kuyakosoa huyakosoa Mapinduzi yenyewe. Wa kwanza hutazama sura ya nje, wa pili hutazama nia ya mjenzi. Katika makundi yote mawili ni nadra kumpata aliyepanda ngazi, akabisha hodi, akauliza watu wa mle ndani wanaishije.

Yafaa msomaji akumbushwe kwa ufupi habari za majengo hayo. Mji wa Unguja kwa muda mrefu ulikuwa na pande mbili zilizotengwa na mkono wa bahari. Upande wa magharibi ulikuwa wa nyumba za mawe, za watawala na wafanyabiashara. Upande wa mashariki uliitwa Ng'ambo, yaani ng'ambo ya maji, na huko ndiko walikokaa walio wengi, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti: waliotoka utumwani, waliohamia kutoka mashamba, Wangazija, na wageni kutoka bara. Mkono ule wa bahari ulifukiwa katika karne ya 20, hata Darajani leo ni jina lisilo na daraja. Lakini utengano haukufukiwa pamoja na maji. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kuijenga upya Ng'ambo. Ujerumani Mashariki ilitoa wataalamu na vifaa, na nyumba za kwanza za msaada huo zikajengwa Kikwajuni. Mwaka 1968 mtaalamu wa nchi hiyo, Hubert Scholz, alichora ramani mpya ya mji, na katika mpango huo barabara mbili pana zilikatwa katikati ya Ng'ambo, zikakutana Michenzani. Kandokando ya barabara hizo yakasimamishwa maghorofa marefu, mengine yakikaribia mita 300 kutoka ncha hii hadi ncha ile. Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kazi ikaendelea baada yake katika miaka ya 1970. Walioijenga ni wananchi wenyewe, kwa kazi ya kujenga taifa ambayo si kila mara ilikuwa ya hiari.

Ni dhuluma kuyataja makosa ya majengo haya kabla ya kutaja fadhila yake. Familia nyingi zilizobomolewa nyumba zao zilipewa humo makazi. Zilipata bomba la maji ndani, umeme, choo, na dari lisiloogopa mvua wala cheche za moto. Mtu ambaye mzazi wake alikuwa akitazama nyumba za ghorofa kutoka ng'ambo ya maji alijikuta akiishi ghorofani. Neno hilo lenyewe lina ushahidi wake: kwa Waarabu *ghurfa* ni chumba tu, lakini Mswahili aliyekitazama chumba cha juu kutoka chini alilipa jina hilo jengo zima. Kuwapandisha waliokuwa chini lilikuwa jambo kubwa, na asiyeliona hafai kuwa mhakiki.

Nia njema, hata hivyo, haimaanishi kwamba kazi imefaulu. Tuitazame basi lugha. Maneno *nyumba*, *chumba* na *jumba* yana shina moja, na hutofautiana kwa viambishi. Lakini nyumba ya Mswahili haikuwa vyumba vilivyokusanywa tu. Nyumba ya kawaida ya Ng'ambo ilikuwa na mpango wake. Mbele palikuwa na baraza, kikalio cha udongo au saruji kilichoambatana na ukuta. Kisha mlango, na nyuma ya mlango ukumbi, wenye vyumba kulia na kushoto. Mwisho wa ukumbi ulikuwa ua, wenye jiko, choo, na mahali pa kufulia na kuanika. Mpango huu ulimpa kila mtu nafasi yake, kama viambishi katika kitenzi: mpita njia alibaki barabarani, mwenye kujulikana alikaa barazani, jamaa aliingia ukumbini, na mwanamke jirani alipitia uani. Hapakuwa na haja ya kumfukuza mtu wala ya kumfungulia mtu vyote. Baina ya barabara na kitanda palikuwa na daraja kadhaa, na heshima ya nyumba ilikaa katika daraja hizo.

Fleti ya Michenzani ilihifadhi vyumba, ikaviboresha, lakini iliondoa miisho yote miwili ya mpango huo. Mlango wake unafunguka ngazini. Mgeni ama yuko nje kabisa, amesimama gizani penye ngazi, ama yuko ndani kabisa, miongoni mwa watoto na kanga zilizoanikwa. Mbele hapana baraza, nyuma hapana ua. Huu ndio upungufu ninaoushitaki, na msomaji ataona kwamba hauhusu saruji, wala urefu wa jengo, wala ugeni wa aliyelichora.

Hapa pana jambo linalonishangaza kila nilifikiripo. Serikali iliyosimamisha majengo haya iliongozwa na chombo kilichoitwa Baraza la Mapinduzi. Wakuu wa siku zile walipotafuta jina la kiti chao cha hukumu na mashauri hawakutafuta mbali. Walilichukua jina la kikalio kilicho mbele ya nyumba ya mnyonge wa Ng'ambo, kwa kuwa Waswahili walikwisha kukubaliana tangu zamani kwamba watu wanapoketi pamoja mbele ya nyumba ndipo mashauri yanapoanza. Neno likapandishwa cheo, na kitu chenyewe kikaachwa nje ya ramani. Simlaumu mchoraji mgeni peke yake. Yeye hakujua. Sisi tuliokuwa tukibarizi kila jioni tulijua, na hatukusema, au tuliosema hatukusikilizwa.

Watu, hata hivyo, hawakukubali kukaa bila baraza. Apitaye Michenzani jioni huona vikalio vilivyojengwa chini ya maghorofa na kando ya barabara, wanaume wakinywa kahawa, wakicheza bao na dhumna, wakibishana siasa na mpira. Mahali kama hapa Wazanzibari wamepaita maskani, na maskani ya Kisonge, hapo hapo Michenzani, ni mashuhuri katika siasa za visiwa. Tulichunguze jina hili nalo. Maana ya asili ya *maskani* ni makao, mahali mtu anapoishi. Watu waliopewa makao ya ghorofani wamelishusha neno la makao hadi chini, wakalipa kibao kilicho kivulini. Sijui mhakiki gani angeweza kutoa hukumu iliyo kali na ya adabu kuliko hiyo.

Mpaka hapa waweza kusema kwamba jeraha limepona lenyewe. Kwa wanaume, ni kweli kwa kadiri. Lakini aliyepoteza ua hakupata maskani. Ua ulikuwa baraza la wanawake. Humo walikuna nazi, walichambua mchele, waliosha watoto, walisukana nywele, walifundishana na walipatanishana, bila kutazamwa na mpita njia na bila kufungiwa chumbani. Mwanamume aliyenyimwa baraza ameshuka ngazi akajijengea jingine. Mwanamke aliyenyimwa ua hakuweza kujijengea ua mwingine kando ya barabara kuu. Amebaki na roshani nyembamba ambapo nguo zake husomwa na mji mzima, na jiko ambalo moshi wake hauna pa kwenda. Kwa hiyo hasara ya jengo hili haikugawanywa sawasawa. Jengo lililokusudiwa kuleta usawa baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo lilileta tofauti mpya baina ya mume na mke wa nyumba moja, na kwa sababu waliobaki ndani hawaonekani barabarani, tofauti hiyo haikuhesabiwa.

Nimepata kuhudhuria maziko katika mojawapo ya majengo hayo. Maiti alioshwa chumbani, kwa kuwa hapakuwa na ua wa kumwoshea. Jeneza lilishushwa ngazi kwa taabu, likainamishwa kila kona, na vijana wawili wakatangulia kinyumenyume kulishikilia lisiteleze. Wanawake waliokuja kuhani walijaa ngazini, daraja baada ya daraja, baadhi yao wamekaa kwenye vidato vile vile vya kupitia jeneza, na ikawabidi wasimame wabanane ukutani. Sufuria za chakula cha wageni zilipikwa chini, mbele ya magari. Hakuna aliyelalamika, maana siku ya msiba si siku ya kulalamikia ngazi. Lakini mimi niliona wazi kwamba aliyeichora nyumba ile alihesabu watu wanaolala ndani yake, akasahau kuwahesabu watakaokuja siku ya kufiwa.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba ninatamani mambo ya kale. Sivyo. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, zilizoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ni nzuri, lakini nyingi zilijengwa na kutunzwa kwa jasho la watumwa, na mabaraza yake yalijua vema nani akae wapi. Wala mambo ya kisasa hayakuanza kuingia Unguja mwaka 1964. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo, na baadaye ikawa na taa za umeme na lifti. Jengo hilo lilikuwa geni kuliko Michenzani katika zama zake, na tulilipenda, hata tulihuzunika lilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Ugeni si kosa la jengo.

Pingamizi ya pili ni kwamba kisiwa ni kidogo na watu ni wengi, hivyo hapana budi kujenga kwenda juu, na ghorofa haiwezi kuwa na baraza wala ua. Sehemu ya kwanza naikubali, ya pili naikataa. Nyumba nyingi za Kiponda na Sokomuhogo zina ghorofa mbili na tatu. Boriti zake za mikoko huzilazimisha ziwe na vyumba vyembamba, ambavyo aghalabu upana wake hauzidi mita 3 au zaidi kidogo. Hata hivyo zina mabaraza yaliyozunguka misingi yake, na katikati zina nyua zilizo wazi kwa anga, ambazo ghorofa zote huzitazama. Ikiwa mwashi wa boriti na chokaa aliweza kupanda juu pamoja na ua wake, mwenye saruji na nondo ana udhuru gani?

Haya nayasema sasa kwa kuwa Unguja inajengwa upya mbele ya macho yetu. Huko Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa, mji mpya umekuwa ukiinuka tangu katikati ya miaka ya 2010, na katika mitaa ya Ng'ambo yenyewe maghorofa mapya yanachukua mahali pa nyumba za zamani. Katika miaka ya 2010, wenye kuandaa mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo waliwaendea wakazi na kuwauliza juu ya historia na maisha ya mitaa yao, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kuuliza ni nusu ya kazi. Anayeulizwa barazani ni mwanamume. Mwenye kutaka kujua nyumba inahitaji nini na apite hadi uani, na kama ua haupo, basi akae ngazini pamoja na wale wanawake, awasikilize hapo walipo.

Wanafunzi wetu hufundishwa kulipima shairi kwa vina na mizani, kisha kwa maana yake. Ningependa wajifunze kuipima na nyumba, kwanza kwa uimara wake, kisha kwa maswali machache yaliyo rahisi: Mgeni ataketi wapi kabla hajaingia? Mwanamke atafanyia wapi kazi yake pasipo kutazamwa wala kufungiwa? Na siku ya msiba jeneza litapita wapi? Maghorofa ya Michenzani hayakupata jibu la hata swali moja kati ya hayo, ingawa yalitoa maji, taa na dari kwa watu waliostahili kuvipata zamani. Waliyafidia waliyoyakosa kwa akili zao wenyewe, kwa kadiri walivyoweza. Tukijenga tena kwa ramani isiyo na ua, hatutaweza kusema kwamba hatukujua.