Ufundi wa Kukesha

Kazi za usharika zikishakwisha, Mchungaji Robert Evans alikuwa akiitoa darubini yake stoo, akaisimamisha barazani, akaanza kupitia galaksi moja baada ya nyingine. Nyumba yake ilikuwa Hazelbrook, mji mdogo ulio katika Milima ya Bluu magharibi ya Sydney, Australia, ambako mikaratusi ilimzibia sehemu kubwa ya anga. Hakushika ramani mkononi. Ramani ilikuwa kichwani: galaksi zaidi ya elfu moja, na nyota ndogo zinazoonekana kandokando ya kila moja, jinsi zilivyokaa. Alitazama galaksi kwa muda mfupi tu, kisha akaisogeza darubini kwenye nyingine. Alikuwa akitafuta nukta ya mwanga ambayo safari iliyopita haikuwepo.

Nukta hiyo ni supanova. Nyota kubwa ikiishiwa na kile inachochoma, kiini chake huporomoka ghafla na tabaka zake za nje hurushwa angani kwa mlipuko. Kuna pia milipuko ya nyota ndogo zilizokwisha kufa, zinazonyonya maada ya nyota jirani hadi zinapasuka. Kwa wiki kadhaa, mwanga wa nyota moja inayokufa hivyo unaweza kushindana na mwanga wa galaksi nzima. Lakini katika galaksi moja jambo hili hutokea mara chache tu kwa karne. Anayetaka kuliona hana budi kutazama galaksi nyingi, kuzirudia mara kwa mara, na kutokata tamaa kwa miaka.

Evans alianza kutafuta katika miaka ya 1950. Supanova ya kwanza kuandikwa kwa jina lake ilikuja mwaka 1981. Hadi alipofariki mwaka 2022, alikuwa amegundua supanova 42 kwa jicho lake mwenyewe kupitia darubini, na hakuna mtu mwingine aliyeifikia idadi hiyo kwa njia hiyo.

Darubini zake hazikuwa za ajabu. Aliyoanza nayo ugunduzi ilikuwa na kioo cha sentimita 25 hivi, na baadaye akapata ya sentimita 41, vipimo ambavyo watazamaji wengi wa kujitolea wanavyo. Tofauti ilikuwa katika kuzoea. Mfugaji aliyekulia zizini hahesabu ng'ombe ili ajue kuna ndama mgeni kundini. Anatupa jicho mara moja, na mgeni anajitokeza mwenyewe. Evans aliijua mbingu ya kusini kwa namna hiyo. Daktari wa neva Oliver Sacks aliitaja kumbukumbu ya Evans katika kitabu cha mwaka 1995, kwenye sura inayochunguza vipaji visivyo vya kawaida. Haikuja kwa siku moja. Ilijengwa kwa kurudi pale pale, usiku hadi usiku, mpaka kila kona ya anga ikawa na sura yake.

Julai 1983 alielekeza darubini kwenye galaksi iitwayo M83, ambayo mwanga wake husafiri takriban miaka milioni 15 kabla ya kutufikia. Palikuwa na nyota iliyozidi. Kwa kuwa aliiona kabla haijafikia kilele cha kung'aa, wanaastronomia waliwahi kuichunguza kwa vyombo vya redio na vya mwanga wa urujuanimno. Supanova hiyo ikawa miongoni mwa zile zilizowafanya wataalamu watambue aina mpya kabisa: mlipuko wa nyota kubwa iliyokwisha kupoteza gamba lake la hidrojeni. Mchungaji wa mji mdogo alikuwa amewaita wataalamu wa dunia waje waone.

Hata hivyo, fahari ya kazi yake iko pia katika usiku ambao hakuona kitu. Kuna wakati alipata supanova tatu ndani ya siku 15. Kuna wakati alikaa miaka mitatu bila hata moja. Usiku mtupu nao aliuandika: galaksi ipi ameitazama, lini, na kwamba haikuwa na mgeni. Mwaka 1987 wanaastronomia Sidney van den Bergh na Robert McClure walichapisha pamoja naye utafiti uliokadiria nyota hulipuka mara ngapi katika galaksi. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kufanywa kwa kutumia milipuko peke yake. Ni lazima ijulikane pia ni mara ngapi mtu alitazama na hapakuwa na chochote. Madaftari ya Evans yalikuwa na jibu, na maelfu ya mistari iliyosema "hakuna" yakawa maarifa.

Mtu huyu alikuwa na kazi nyingine ya kalamu. Aliandika historia ya uamsho wa Kiinjili nchini Australia. Mkristo wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uamsho ni nini; ule ulioshika kasi Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka hadi Uganda, Bukoba na Kenya, na nyimbo zake bado zinaimbwa. Watu waliomba, walitubu, walikutana nyumba kwa nyumba. Saa ya moto kuwaka hawakuipanga wao. Anayeziweka kazi mbili za Evans kando kwa kando anaona kwamba zinahusu jambo lile lile. Supanova haiamriwi na uamsho hauamriwi. Kilicho mikononi mwa mwanadamu ni kuwepo, macho yakiwa wazi, na kuujua vizuri usiku wa kawaida ili usiku usio wa kawaida usimpite. Makanisa yetu yana jina la zoezi hilo: mkesha.

Ukoo wa watu wa aina yake ni mrefu. Mwaka 1751 Nicolas-Louis de Lacaille, shemasi wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, alifika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu, na katika muda wa mwaka mmoja hivi akapima mahali pa karibu nyota 10,000 kwa darubini ndogo sana. Kundi moja la nyota alilipa jina la Mlima Meza, uliokuwa mbele ya macho yake kila siku, na jina hilo linatumika hadi leo. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, aliweka darubini juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma, akautawanya mwanga wa nyota zaidi ya 4,000 kuwa rangi zake na kuzigawa nyota hizo katika makundi. Thomas William Webb, kasisi wa kijiji cha Hardwicke huko Uingereza, alichapisha mwaka 1859 mwongozo wa vitu vya angani kwa wenye darubini za kawaida, na vizazi vya watazamaji vikajifunza kwake. Wote hawa walikuwa watumishi wa kanisa, na wote walipanda kwenye vyombo vyao.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba walipanda huko kutafuta ushahidi wa Mungu. Georges Lemaître anatufundisha kuwa waangalifu. Padre huyu wa Ubelgiji ndiye aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka chembe moja ya kale. Papa Pius XII alipohutubia mwaka 1951 akionekana kuiunganisha nadharia hiyo na uumbaji unaosimuliwa katika Maandiko, Lemaître hakufurahi. Imani yake haikutegemea mlinganyo ambao kesho ungeweza kurekebishwa, na mlinganyo wake haukuhitaji kuombewa ili uwe sahihi. Aliadhimisha misa kama padre, akafanya hesabu kama mwanahesabu, na moyo wake ulikuwa mmoja.

Kitabu cha Ayubu kinaelekea huko huko. Mtu aliyepoteza watoto, mali na afya anadai majibu, na Mungu anamjibu kwa maswali, mojawapo likikitaja Kilimia, kundi lile lile ambalo wakulima wa pwani wamelitazama kwa vizazi ili wajue majira. Ayubu hapewi hoja. Anaonyeshwa mbingu, bahari na wanyama wa mwituni, na kwa kutazama tu anapata mahali pa kusimama tena. Mshangao wa namna hii haumalizi maumivu wala haujibu kila swali. Unamrudishia mtu kipimo chake: yeye ni mdogo, na bado amesemeshwa.

Na udogo huo una utajiri wake. Sehemu kubwa ya chuma kilicho katika damu yetu na kalisi iliyo katika mifupa ilipikwa ndani ya nyota na kutawanywa zilipolipuka, muda mrefu kabla ya Jua kuwepo. Siku ya Jumatano ya Majivu, mwamini anapoambiwa kwamba yeye ni mavumbi, anaambiwa ukweli ambao una historia ndefu kuliko ya dunia.

Sasa darubini zinazojiendesha zinapiga picha za anga kila usiku na kugundua supanova maelfu kwa mwaka. Lakini hakuna mashine inayoweza kushangaa kwa niaba ya mtu. Na Afrika Mashariki ina zawadi isiyolipiwa: kwa kuwa iko karibu na ikweta, katika mwaka mmoja anga lake huonyesha karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Kuanza hakuhitaji darubini. Inatosha kuchagua kundi moja, tuseme Salibu au Kilimia, na kulirudia mpaka lijulikane kama uso wa ndugu.

Februari 1987, huko Las Campanas nchini Chile, mwendesha darubini Oscar Duhalde alitoka nje mapumzikoni, akatazama Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, na kuona kwa macho matupu kwamba lilikuwa na nyota ya ziada. Ilikuwa supanova iliyong'aa kuliko zote tangu ile ya mwaka 1604, ambayo Johannes Kepler, aliyesomea teolojia akitaka kuwa mchungaji, aliichunguza na kuiandikia kitabu. Tangu Kepler, hakuna supanova nyingine ya ndani ya galaksi yetu ambayo wanadamu wameitambua kwa macho matupu. Ijayo inaweza kuangaza usiku wowote juu ya Mbeya, Eldoret au Bujumbura, na huenda ikaonwa na mwanakwaya aliyetoka nje ya mkesha kupunga hewa. Akiwa analijua anga lake, atarudi ndani kuandika saa na mahali, kisha atawaita wenzake watoke wahakikishe.