Ufundi wa Juma: Namna Vyama vya Hisani Vilivyoendeshwa katika Kambi za Kolwezi

Watu wanaposifu chama cha kujitolea, aghalabu husifu ukarimu wa wanachama wake, na sifa hiyo ni haki yao. Katika uchambuzi huu, hata hivyo, nimekusudia kutazama upande unaopitwa mara nyingi bila kutajwa, nao ni ufundi: yaani kwa taratibu gani watu waliochoshwa na zamu za mgodi, waishio katika nyumba zisizo zao, waliotoka katika makabila na majimbo mbalimbali, waliweza kukutana kila juma, mwaka baada ya mwaka, na kila juma kumfikia mgonjwa, mjane au mfiwa, pasipo ijara wala shuruti. Nia njema ilikuwako katika kambi zote za ukanda wa shaba. Lakini vyama vingine vilidumu na vingine vilikufa, na tofauti hiyo, kwa rai yangu, ilitokana na namna juma la chama lilivyopangwa.

Kapata ni mtaa wa wafanyakazi wa Gécamines, pembezoni mwa Kolwezi, na desturi yake ya vyama haifahamiki bila kuijua historia ya kambi zote za sehemu hizo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 iliacha siasa ya kuajiri watu wa muda mfupi, ikashika siasa ya kumkalisha mfanyakazi kambini pamoja na mkewe na watoto wake. Tangu hapo nyumba, unga, zahanati, shule na kiwanja cha mpira vyote vilitoka katika mkono mmoja; na serikali ilipoitwaa mali ya kampuni mwaka 1967, ikazaliwa ile iliyokuja kuitwa Gécamines, mkono ulibadilika lakini taratibu zilibaki zile zile. King'ora kilipiga, zamu moja ikatoka na nyingine ikaingia. Jambo ambalo mkono huo haukuweza kuligawa ni ujamaa wa damu: Mluba wa Kasai alipangwa nyumba moja na ya pili yake Mlunda, na ng'ambo ya njia akakaa mtu wa Luapula, wote wakisemezana kwa Kiswahili cha kambi, na hakuna mmoja kati yao aliyekuwa na mjomba au shangazi karibu wa kumwosha maiti wake au kumtunzia mtoto mama alipolazwa.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na kikundi cha Kikatoliki kilichoitwa Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapwa Elisabethville mwaka 1945, alianza kazi mwaka 1953 miongoni mwa wachimbaji wa Kolwezi, katika kambi za Ruwe na Musonoi, na kutoka huko kikundi chake kikaenea Katanga na kuingia Kasai. Wasomi wengi wameandika juu ya fikra za Jamaa, juu ya yale maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo, yaliyokuwa nguzo za mafundisho yake. Mimi navutwa zaidi na ujenzi wake, kwa kuwa naona ndani yake hekima ambayo haijasifiwa vya kutosha.

Hekima ya kwanza ilikuwa kuichagua nyumba, wala si mtu mmoja mmoja, kuwa kipimo cha uanachama. Kampuni nayo ilikuwa na vyama na mabaraza yake, lakini iliwatenga watu: wanaume walikuwa na klabu zao, na wanawake walikusanywa katika majumba ya malezi wafundishwe kushona na kutunza nyumba. Jamaa ilimtaka mume na mke waje pamoja. Matokeo ya sharti hili katika kazi ya hisani yalikuwa makubwa kuliko linavyoonekana, maana mume akiwa zamu ya usiku, nyumba bado imo chamani kwa mkewe. Na tena yako mambo ya ugonjwa, ya uzazi na ya ugomvi wa ndoa ambayo mwanamume akitumwa peke yake hataambiwa, na mwanamke akitumwa peke yake hatayamaliza.

Ya pili ilikuwa ngazi ya malezi. Waliokwisha kuingia waliitwa baba na mama, na kila mume na mke waliotaka kuingia walilelewa na wenzao waliotangulia, wakapitishwa katika njia ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka nao wakawa wazazi wa wengine. Hapa udugu wa kambini ulipewa sura ambayo kila mtu aliijua tangu kwao. Mwanachama hakuandikiwa na mtu yeyote kwamba ampelekee maji mama aliyemlea katika njia ya kwanza. Alikwenda kwa sababu mtoto asiyekwenda hutazamwa na watu. Wala chama hakikuhitaji daftari la wagonjwa, madhali kila mgonjwa alikuwa na watoto na wazazi wanaojulikana.

Ya tatu ni yale mafundisho ya kila juma, na hapa yafaa kutua kidogo na kuyatazama kwa karibu. Msemaji hakuhubiri kama padri juu ya mimbari, aliuliza. Aliweka swali mbele ya waliokaa, mtu akajibu, naye akalishika jibu lile na kulitoa swali jingine ndani yake, mpaka wazo likajengwa na wengi na kila mtu akaondoka akiwa ametia tofali lake. Zingatia faida yake kwa chama kisichomlipa mtu: mtu aliyesikiliza tu anaweza kukosa juma lijalo bila yeyote kupungukiwa na kitu, lakini aliyezoea kujibu huulizwa alikuwa wapi. Mahudhurio yalilindwa na sauti ya mtu mwenyewe.

Jamaa haikuwa na kadi, wala ada, wala sare, wala ofisi za kugombea. Jambo hili liliiokoa mwaka 1962 Tempels aliporudi Ulaya, kwa maana hapakuwa na kiti kilichobaki kitupu. Na Johannes Fabian, mwanazuoni aliyekuja kuichunguza katika miaka ya 1966 na 1967, aliikuta hai katika kambi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1971. Lakini kukosa maandishi kulikuwa pia udhaifu wake. Hitilafu zilipotokea juu ya mafundisho ya siri, baadhi ya vikundi vikaitwa Katete na kushutumiwa kwamba vimepotoka, na maaskofu wakaanza kuwadai wanajamaa utii wa wazi, chama hakikuwa na daftari la kulifungua, wala baraza la kukata shauri, wala kanuni ya kumwonyesha askofu. Kila nyumba ilibaki na kumbukumbu zake.

Chama chenye ufundi ulio kinyume kabisa na huo ni Legio ya Maria, ile ya Kanisa Katoliki iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921 na Frank Duff, ambayo msomaji asiichanganye na kanisa la Legio Maria lililojitenga huko Nyanza, Kenya. Afrika ya Mashariki iliipokea hasa kwa juhudi za Edel Quinn, mwanamke mgonjwa wa kifua aliyefika Nairobi mwaka 1936 na kufariki huko tarehe 12 Mei 1944, akiwa amekwisha kupanda vikundi Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko. Na leo ni mojawapo ya vyama vya kawaida vya parokia za Kongo. Huku kila kitu kimeandikwa. Mkutano ni wa kila juma, siku ile ile, saa ile ile, nao hauzidi saa moja na nusu. Kila mwanachama wa kazi hutakiwa kutoa takriban saa mbili za utumishi kwa juma, na hutumwa wawili wawili, kwa nyumba iliyotajwa, kisha juma lifuatalo husimama na kueleza mbele ya wenzake walikwenda wapi na waliona nini.

Hesabu yake ni hii. Kikundi cha watu 10 ni jozi 5. Kila jozi ikifika nyumba moja kwa juma, mwaka mmoja una ziara 260, na saa za utumishi zapita 1,000. Hakuna hata mmoja wao aliyejitoa kupita kiasi. Nguvu yote imo katika ile ripoti, maana mtu anayejua kwamba Jumapili ijayo ataitwa kwa jina lake na kuulizwa habari za Mama Fulani wa nyumba ya kona, hataacha kwenda Alhamisi.

Chombo kimoja cha Legio chastahili kuelezwa, nacho ni mfuko wa siri. Mkutano ukiendelea, mfuko mdogo wa kitambaa hupitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeketi hutia mkono wake ndani na kuutoa umefungwa, awe ameweka noti, au sarafu, au hakuweka kitu. Mweka hazina huhesabu jumla, basi. Hapana orodha ya nani ametoa ngapi. Katika mji wa migodi, ambapo mshahara wa Gécamines uliwahi kucheleweshwa miezi na miezi, mfuko ule ulimwezesha mtu aliyefilisika aendelee kuketi kitako pamoja na wenzake bila fedheha, na mtu asiyefedheheshwa mkutanoni ndiye atakayekubali kutumwa kazini. Kanuni nyingine ya Legio ni ngumu zaidi kuikubali: inakataza kutoa msaada wa vitu. Sababu yake ni ya haki, kwamba mgeni akija na unga mwenye nyumba hutazama gunia kabla ya uso wake, na jirani ambaye hakuletewa hufunga mlango. Mwenye njaa huelekezwa kwa chama kingine kilichowekwa kwa kazi hiyo. Lakini mimi naamini kwamba mahali ambapo chama hicho kingine hakipo, au kipo na ghala yake ni tupu, kanuni hii humwacha mjumbe amesimama mlangoni na mikono mitupu mbele ya mtoto mwenye njaa, na hapo haina budi kulegezwa.

Namna ya tatu ya kupanga kazi ya juma ilikuwa salongo, nayo sitaikalia sana. Katika miaka ya 1970 utawala wa Rais Mobutu uliamuru kila raia atoe nusu siku kwa juma kwa kazi ya umma: kufagia, kufyeka, kuzibua mifereji, kulima shamba la chama tawala. Asiyefika alitozwa faini au alifungwa. Kwa mizani ya saa za kazi, hakuna chama kilichoweza kuikaribia. Lakini aliyefanya kazi hakuchagua kazi, hakujua inamfaa nani, wala hakuulizwa juma lijalo ameona nini. Alihesabiwa tu kichwa. Mwenye cheo alipoacha kuhesabu, watu walikaa nyumbani. Mpaka leo jina hilo latumika mijini Kongo kwa usafi wa asubuhi ya Jumamosi, na pale mtaa unapojipangia wenyewe mfereji gani uzibuliwe, kazi huenda vizuri.

Hali ya Kapata imebadilika tangu Gécamines ilipoporomoka. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka mpaka ukawa sehemu ndogo tu ya tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka za miaka ya 1980, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari. Pamoja na mshahara yaliondoka matibabu, ada ya shule na unga. Vijana wakawa wachimbaji wadogo, wale creuseurs. Wanawake na watoto wakaingia katika maji ya Ziwa Malo, karibu na Kapata, kuosha na kuchambua mawe ya shaba na kobalti. Na mauzo yakaenda katika depo za wanunuzi wa mawe huko Musompo.

Likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ndiyo iliyobeba mzigo katika kipindi hicho, na ufundi wake ni mwepesi kueleweka lakini si mwepesi kuuendesha. Wanawake 10 hutoa kila juma kiasi kilicho sawa, na mmoja hupokea chote kwa zamu, mpaka majuma 10 yapite. Anayepokea mwanzo kwa hakika amekopeshwa na wenzake 9, na anayepokea mwisho amewakopesha. Kwa hiyo mpangilio wa zamu ndio roho ya jambo zima, na mama mwenye busara huwaweka mbele wale ambao sifa yao imekwisha kupimwa. Penye kilio zamu hubadilishwa: aliyefiwa huruka mbele, na yule aliyekuwa na haki ya juma lile humwachia. Ubadilishaji huo hufanywa kwa neno la mdomo mbele ya wote, na hapo mkopo hugeuka kuwa hisani bila mtu kuombwa sadaka.

Shida iliyo mpya, ambayo Jamaa na Legio hazikuijua, ni kwamba juma lenyewe limevunjika. Zamani king'ora kiliwapa watu wote wakati mmoja. Aliyetoka zamu ya asubuhi alijulikana, na jioni yake ilijulikana. Mchimbaji mdogo wa leo hukaa shimoni mpaka mawe yapatikane, hulipwa siku mawe yanaponunuliwa, na bei hiyo hupangwa mbali na macho yake. Chama kikisema tukutane Jumatano saa kumi, kimewafukuza nusu ya watu wake pasipo kujua. Kwa sababu hiyo saa inayofaa Kapata ni ile ya Jumapili baada ya ibada, maana ibada ndiyo iliyobaki ikiwakusanya watu bila kujali mawe. Na mkutano uanze kwa ripoti za nyumba zilizotembelewa kabla ya shauri lolote jingine, ili anayelazimika kuondoka mapema awe amekwisha kusema alichokiona. Jozi na ziwe za mchanganyiko, mmoja aendaye shimoni au ziwani na mmoja auzaye sokoni au afundishaye shuleni, hata mmoja asipopatikana nyumba isikose mtu. Miezi ya mvua, tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili, mashimo hujaa maji na kuporomoka, watu huhama kufuata machimbo makavu, na hapo katibu sharti awe na jozi mbili za akiba zilizoandikwa kwa majina, pamoja na orodha ya nyumba zisizoweza kungoja juma la pili: ya mzazi aliyejifungua, ya mzee aishiye peke yake, na ya aliyefiwa ndani ya siku 40.