Upendeleo wa Kwanza Uliandikwa 1965

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka nchini Kenya na nafasi za vyuo vikuu zikagawanywa, neno moja hurudi vinywani: upendeleo. Msichana akiingia chuo kikuu kwa pointi pungufu kuliko mvulana, ni upendeleo. Kijana wa Mandera akipata kozi ambayo mwenzake wa Kiambu ameikosa, ni upendeleo. Hata wanaozitetea sera hizi hulitumia neno lilo hilo, ila hulipaka rangi kidogo: upendeleo chanya, upendeleo wa haki. Rangi haisaidii. Mzizi wake ni kupenda. Anayependelewa amepewa kwa kuwa amependwa, si kwa kuwa amestahili. Neno likishatamkwa, kesi imekwisha nusu.

Mimi nasomea shahada ya uzamili, na kazi yangu ya kila siku ni kusoma matini. Kwa hiyo naomba tusome matini mbili za serikali jinsi tunavyosoma riwaya: nani anatajwa, nani ameachwa nje, na ni sentensi gani tumezoea kuiruka.

Ya kwanza ni Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, kuhusu Ujamaa wa Kiafrika na upangaji wa maendeleo Kenya. Ni waraka wenye maneno mazuri. Unaahidi nafasi sawa kwa raia wote. Kisha unafika kwenye aya ya 133, na hapo lugha inabadilika. Fedha za maendeleo, unasema, ziwekezwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, penye usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Maeneo mengine yangenufaika baadaye kutokana na pato litakalopatikana.

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake. Nchi ilikuwa changa, fedha ni chache, na mkulima hupanda mbegu penye rutuba. Lakini angalia kilichotendeka ndani ya sentensi hiyo. Mvua imegeuzwa kuwa sifa ya raia. Barabara, iliyojengwa na mkoloni kwa manufaa ya mashamba yake, imegeuzwa kuwa ushahidi kwamba wanaoishi kando yake wanastahili barabara nyingine. Na kile kipimo cha watu "walio tayari" ni hukumu ya tabia iliyoingizwa katika mpango wa uchumi. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera hazikuhitaji kutajwa ili ziachwe. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.

Huo ulikuwa upendeleo, tena wa serikali, tena kwa maandishi. Hakuna aliyeuita hivyo. Uliitwa mpango.

Matini ya pili ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 204 kinaanzisha Hazina ya Usawazishaji na kuitengea nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa muda wa miaka 20. Fedha hizo ni za huduma za msingi katika maeneo yaliyotengwa, zikiwemo maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Soma orodha hiyo ukiwa na waraka wa 1965 mkono wa pili. Barabara na umeme vipo kote kuwili. Mwaka 1965 ulipaswa kuwa navyo ndipo upewe fedha. Mwaka 2010 unapewa fedha kwa sababu huna. Katiba inajibu aya ya 133 karibu neno kwa neno, baada ya miaka 45.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Kiambu. Katika semina yetu mwenzangu mmoja aliuliza: yeye ana kosa gani? Hakuandika waraka wowote. Huenda mama yake aliuza maziwa ili amlipie karo. Swali hilo ni la haki, na watetezi wengi hulikwepa kwa kutaja historia, kana kwamba kijana wa miaka 18 ni deni la babu yake. Jibu langu si kwamba yeye hastahili. Jibu langu ni kwamba alama ya B haisemi peke yake imepatikanaje. Mwaka 2020, baada ya walimu kuuawa katika shambulizi Kaunti ya Garissa, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki. Mtahiniwa aliyebaki huko bila mwalimu wa fizikia alikalia karatasi ileile, siku ileile, na aliyefundishwa miaka minne mfululizo. Mtihani ulikuwa mmoja. Safari ya kuufikia haikuwa moja.

Ila mjadala wetu una kasoro upande wa pili pia, na hapa ndipo sentensi tuliyoiruka ilipo. Kifungu cha 27(6) kinaitaka serikali ichukue hatua za kurekebisha hasara waliyopata watu kwa ubaguzi wa zamani. Hunukuliwa kila mahali. Kinachofuata, 27(7), hakinukuliwi: manufaa ya hatua hizo lazima yafuate mahitaji ya kweli. Si jina la ukoo, wala kaunti iliyoandikwa kwenye kitambulisho cha baba. Mtoto wa kigogo aliyezaliwa Nairobi na kusoma shule ya karo kubwa, kisha akaomba nafasi kwa jina la Wajir, anachukua nafasi ya mtoto wa Wajir. Hamnyang'anyi mtu wa Kiambu peke yake.

Kasoro hiyo imo pia kwenye ajira. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ni kinga muhimu dhidi ya mkubwa kujaza ofisi na watu wa kwao. Lakini kinachohesabiwa ni jamii. Hakihesabiwi aliyekulia penye maji ya bomba na aliyeyafuata kwa punda.

Na si kila mgao husawazisha. Mfumo wa 1985 ulizitaka shule nyingi za sekondari zichukue asilimia 85 ya wanafunzi kutoka eneo lao. Ulionekana kama kuwajali wenyeji. Kwa aliyezaliwa karibu na shule nzuri ulikuwa baraka. Kwa aliyezaliwa penye shule duni ulikuwa kufuli.

Kwa hiyo ningependa tubishane kuhusu fomu badala ya neno. Fomu ya kuomba nafasi iulize: ulisoma shule gani, ilikuwa na maabara, ilikuwa na walimu wangapi, karo ililipwa na nani? Majibu hayo yanaweza kukaguliwa, na yanaweza kumsaidia hata yule mtoto wa muuza maziwa wa Kiambu, ambaye Kifungu cha 27(7) hakijamfungia mlango. Miaka 20 ya Hazina ya Usawazishaji inatimia 2030. Kabla Bunge halijaamua kuiongeza au kuiacha ife, mtu na aisome tena aya ya 133, kisha ahesabu ni vijiji vingapi bado vinaambiwa vingojee.