Pigo la Mtu, Pigo la Mto

Kwa mtu wa Kilole, Korogwe, mawe ya kijitoni si habari. Usambara ni milima ya miamba mikongwe, na masika yakikolea vijito huteremsha mawe mengine: ya kijivu, ya milia, na yale meupe ya kwatzi yanayometa juani. Mengi yamevunjika. Ninayemsifu hapa ni mtu awezaye kuokota moja, akaligeuza mara mbili tatu, akasema hili limepigwa na binadamu. Au, mara nyingi zaidi, akalirudisha majini bila neno.

Maana mto nao huvunja mawe. Mafuriko huyagonganisha, na kipande chenye ncha hudanganya macho kikafanana na kisu. Mjuzi haanzi na makali. Anatafuta pigo lilipotua. Jiwe gumu likigongwa ukingoni kwa jiwe jingine, kibanzi kinachobanduka huwa na kijisehemu bapa juu, palipogongwa. Chini yake pana uvimbe kama tumbo dogo, na kutoka hapo mikunjo hafifu hutawanyika. Jiwe mama hubaki na kovu, kijibonde kinacholingana na lile tumbo. Kovu moja halitoshi. Yakifuatana manne, matano, kila moja likila ukingo wa lililotangulia, mjuzi anaanza kusoma: hili kwanza, kisha hili, na hapa fundi aligeuza jiwe akapiga upande wa pili.

Kwatzi ndiyo inayotesa. Hupasukia kwenye nyufa zake yenyewe, tumbo halijitokezi, mikunjo haionekani. Hapo ndipo mwenye haraka hujaza mfuko mawe matupu, na mjuzi anakubali kurudi mikono mitupu.

Shule nzuri ya macho iko kwenye korongo la Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini Iringa. Zana za korongo lile zilianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na mmoja wao, F. Clark Howell, akachimba mwaka 1957 na 1958. Pana mashoka ya mkono yaliyochongwa pande zote mbili, mengine makubwa hata unajiuliza ni mkono gani ulioyashika, na mengine yenye mdomo mpana ulionyooka. Umri wake unakadiriwa kupita miaka 200,000. Mbele ya shoka la namna hiyo hakuna ubishi. Ulinganifu wake unatosha.

Lakini hata Isimila, maji ndiyo yaliyofukua zana. Mvua hula kuta za korongo, zana zinaanguka chini, zinaburutwa. Kwa hiyo mjuzi hupitisha kidole ukingoni: ukiwa bado mkali, jiwe halijasafiri mbali, ukiwa umesagika, limebingirika sana. Halafu rangi. Kovu la kale huwa limechakaa sawasawa na uso uliolizunguka, ilhali kovu la jembe la juzi hung'aa peke yake.

Akishatosheka, halitii mfukoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, na hata pasingekuwa na sheria, jiwe lililohamishwa limepoteza nusu ya habari zake. Hulipiga picha papo hapo, sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, akaandika mahali. Kisha hupanda na kijito taratibu, akikagua kingo zote mbili, kutafuta tabaka la udongo lililolidondosha.