Kauri Inayonyumbuka: Kazi Kubwa Iko Kwenye Utengenezaji

Kioo na kauri huvunjika upesi, na ni rahisi kudhani kwamba ndiyo asili yake. Lakini tangu miaka ya 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha kwamba kioo huvunjika chini sana ya nguvu ambayo viungo vya atomu zake vingeweza kuhimili, kwa sababu mkazo hujikusanya kwenye ncha za nyufa ndogo kilizonazo. Mwaka 2019 Erkka Frankberg wa Chuo Kikuu cha Tampere, Ufini, na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio linalotilia nguvu hoja hiyo. Waligonga oksidi ya alumini, aina ya kauri, kwa mapigo ya leza. Mvuke wake ukatua na kuganda haraka mno, atomu zisipate nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, kama ilivyo katika kioo. Utando uliopatikana, wenye unene wa makumi ya nanomita tu, waliuvuta na kuuminya ndani ya hadubini ya elektroni, katika joto la kawaida la chumba. Badala ya kupasuka, ulitiririka hadi kurefuka kwa asilimia 100, kwa sharti kwamba uwe umeshikamana vizuri na usiwe na dosari za umbo.

Kwa nini alumini? Katika kioo cha kawaida, silikoni hushikilia oksijeni nne na haibanduki kwa urahisi. Alumini hukubali nne, tano au sita. Kiungo kimoja kikikatika, kingine hufungwa jirani, na atomu hubadilishana majirani bila ufa kuzaliwa. Hata hivyo, uwezo huo usingeonekana kamwe katika utando wenye matundu, kwani ufa ungetangulia.

Wapo watakaosema miale ya elektroni ya hadubini ndiyo iliyoulainisha utando. Shaka hiyo ina msingi, maana miale hiyo hulainisha silika (oksidi ya silikoni). Lakini mwigo wao wa kompyuta, usio na miale yoyote, ulionyesha mtiririko uleule. Wengine watasema vitu vidogo mno daima ni vigumu kuvunja. Lakini mwaka 2023 Frankberg na wenzake waliminya nguzo za ukubwa wa mikromita, nazo zikafupika hadi asilimia 50 bila kuvunjika. Kilichobaki ni kupata vipande vikubwa, na hapo ugumu ni wa kiwandani: oksidi ya alumini ikipoa polepole hugeuka fuwele. Juhudi zielekezwe huko, kwenye upoozaji wa haraka na uondoaji wa dosari.