Sangara, Ndege na Neno "Kwa Hiyo"

Mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana wa kidato cha tano mdahalo na mantiki kwa njia ya filamu hana haja ya kutafuta mbali. Darwin's Nightmare, filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper wa Austria, ilipigwa Mwanza. Yaliyomo ni wavuvi wa sangara, viwanda vya minofu, watoto wa mitaani, na ndege kubwa za mizigo zinazopeleka minofu Ulaya.

Ni filamu yenye nguvu, wala sitaki kuipuuza. Mapanki yaliyoanikwa huku funza wakitambaa chini, na yule mlinzi wa usiku mwenye mishale ya sumu, hawasahauliki. Lakini swali linalorudiwa tena na tena ni hili: ndege hizi zinapokuja, zinaleta nini? Wengine hujibu kwamba huja tupu. Karibu na mwisho rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha akabeba zabibu kutoka Johannesburg. Huo ni ushahidi juu ya Angola. Silaha zikishushwa Mwanza kamera haituonyeshi, na hata hivyo mtazamaji huondoka akidhani ameziona. Sauper amezipanga picha kando kwa kando. "Kwa hiyo" tumelitia wenyewe. (Sisi wahubiri tunaijua mbinu hiyo kuliko tunavyopenda kukiri.)

Nilipoisimamisha filamu hapo mbele ya vijana wa Kolandoto, mmoja alisema hakuna mfanyabiashara anayerusha ndege tupu, basi lazima ilibeba kitu. Hoja si mbaya. Lakini "kitu" si "bunduki", na ilituchukua nusu saa kuvuka kijito hicho.

Waliojibu filamu nao wapimwe vivyo hivyo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kulichafua jina la nchi. Je, dai linalochafua jina huwa la uongo kwa sababu hiyo? Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliishambulia kwa maandishi. Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamwona Garçon ana hatia ya kukashifu. Hukumu hiyo haikuleta bunduki Mwanza. Tena, bunduki zisipothibitishwa, njaa ya wala mapanki haipungui hata kidogo. Hapo ndipo watetezi wetu wengi walipojikwaa.

Kwa nini nishughulike hivi na filamu? Kwa sababu katika mkoa huu wa Shinyanga hoja ya namna hiyo imeua. Mtoto amefariki, jirani ni bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Mambo mawili yamewekwa kando kwa kando, mtu akatia "kwa hiyo", na usiku mapanga yakaja. Wachungaji wengi wa huku wamewazika akina bibi hao.

Niliwauliza vijana kama wangethubutu kuuliza nyumbani, mbele ya wazee, swali waliloiuliza filamu: ni nani aliyeona? Darasa lilinyamaza. Ndipo binti mmoja akasema kwamba bibi asingemwuliza neno; angeanza na mganga aliyemtaja.